Jina la Kundi ni Deni: Juu ya Alama za Wachongaji wa Lusanga



Siku hizi kila kikundi chataka kuwa na alama yake. Vijana watano wakipatana kuchora ukuta wa soko, jambo la kwanza ni kutafuta jina la herufi nne au tano. La pili ni muhuri. La tatu ni fulana za rangi moja. Ukuta wenyewe hungoja. Hatuwacheki. Asiye na jina haitwi, na asiyeitwa hapewi kazi. Lakini yafaa kuuliza: jina la kundi la wasanii hutoka wapi? Tena, likiisha kujulikana, nani hula matunda yake?

Ili tusiseme maneno matupu, tutatazama kundi moja la nchi yetu ambalo jina lake limefika mbali sana. Ni wachongaji wa Lusanga, katika jimbo la Kwilu. Wao hujiita kwa Kifaransa Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, maana yake Duara la Sanaa la Wafanyakazi wa Mashamba ya Kongo. Kwa kifupi watu husema CATPC. Kundi lilianza mwaka 2014. Mwaka 2017 kazi zao zilionyeshwa New York, katika jumba la SculptureCenter. Mwaka 2024 walipewa nyumba ya Uholanzi katika maonyesho makubwa ya Venice, huko Italia, pahali ambapo mataifa huonyesha wasanii wao.

Wengi wamewasifu, wengine wamewalaumu. Sisi hapa tutapima jambo moja tu, yaani alama zao: jina lao, kitu wanachochongea, sanamu waliyoishika kama bendera, na nyumba yao nyeupe. Je, alama hizo zasema kweli?

I. Sabuni yenye jina

Tuanze na sabuni, maana bila sabuni habari ya Lusanga haieleweki.

Mwaka 1884 Mwingereza William Lever, mwana wa mfanya biashara ya vyakula, aliandikisha kwa sheria jina la «Sunlight», maana yake Mwanga wa Jua. Zamani zile sabuni ilifika dukani kama mche mrefu. Mwenye duka aliukata akauuza kwa uzito, na mnunuzi hakujua nani ameitengeneza. Lever akaikata vipande vilivyo sawa, akafunga kila kipande katika karatasi yenye jina lake. Tangu hapo mama wa nyumba hakuomba tena sabuni, aliomba Sunlight. Basi hiyo ndiyo chapa: jina linaloshika kinywani mwa mnunuzi mahali pa kitu chenyewe.

Lever alijua pia nguvu ya picha. Mwaka 1889 alinunua picha ya mchoraji William Powell Frith, picha ya mtoto wa kike anayeonyesha nguo yake mpya, akaitumia kutangaza sabuni. Baadaye akakusanya picha nyingi, na mwaka 1922 likafunguliwa jumba la sanaa lenye jina la marehemu mke wake, katika kijiji cha kiwanda chake, Port Sunlight. Kwa hiyo mtu asidhani ya kwamba urafiki wa sanaa na biashara ni jambo la jana.

Lakini sabuni yataka mafuta. Tarehe 14 Aprili 1911 Lever alifanya mapatano na Serikali ya Ubelgiji. Katika ramani ya Kongo yakachorwa maduara matano, kila duara likiwa na kilometa 60 toka katikati hata ukingoni. Ndani ya maduara hayo kompani yake, Huileries du Congo Belge, iliruhusiwa kujichagulia ardhi mpaka hektari 750 000. Tazameni sasa majina ya vituo vyake: Leverville, Alberta, Elisabetha, Brabanta, Flandria. Lusanga ndipo palipoitwa Leverville. Mahali palikuwa na jina. Jina likafunikwa kwa jina la mwenye sabuni, kama vile kipande cha sabuni kinavyofunikwa kwa karatasi.

Watu waliopanda michikichi na kukata mashada, wake zao na watoto wao waliobeba mzigo, majina yao hayakuandikwa popote katika karatasi ile. Wengi walifanya kazi hiyo kwa kulazimishwa. Mbelgiji Jules Marchal, aliyekuwa zamani balozi, alieleza mambo hayo kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2001, akitumia barua na taarifa za Serikali yenyewe. Mwaka 1929 kompani ya Lever ilipatana na wafanya biashara ya siagi ya mimea wa Uholanzi, ikazaliwa Unilever. Na toka mwaka 2000 hata 2012, katika ukumbi mkubwa wa jumba la Tate Modern, London, maonyesho ya kila mwaka yaliitwa «The Unilever Series». Hivi jina la kompani lilisimama juu ya kazi za wasanii wakubwa wa ulimwengu. Lusanga kompani ilikuwa imekwisha kuondoka, ikiacha majengo yanayobomoka na udongo uliochoka.

Nimesimulia hayo kwa kusudi. Wachongaji wa Lusanga hawakuanza na ukurasa mtupu. Walizaliwa mahali palipokwisha kupigwa chapa. Basi kazi yao ya kwanza ilikuwa kuchagua: waifute chapa ile, waifiche, au waigeuze iwasemee wao?

II. Jina

Walichagua kuigeuza. Hapo naona akili kubwa.

Wangeweza kujiita Nyota ya Kwilu, au Mikono ya Dhahabu, au jina lingine tamu la namna hiyo. Walijiita wafanyakazi wa mashamba. Neno hilo si la kujisifu. Laonyesha jasho, mshahara mdogo, na baba aliyefanya kazi hiyo hiyo. Lakini ni la kweli, na ukweli ndio nguvu ya jina. Mtu akiisha kusikia ya kwamba sanamu hii imefanywa na mfanyakazi wa shamba la michikichi, hawezi kuitazama tena kama pambo la meza. Swali laingia pamoja na sanamu: mbona aliyeiumba ni maskini, naye ametoka katika nchi iliyotajirisha wengine?

Tena liko neno «duara». Mwenye kujua mapatano ya mwaka 1911 hawezi kukosa kusikia mwangwi. Wenye kompani walichora duara ili kuwafunga watu ndani yake. Watoto wa watu wale wamechora duara jipya, wakaketi humo wao wenyewe. Umbo ni lile lile, mwenye nalo amebadilika.

Jambo la pili la kusifiwa: jina la kundi halikumeza majina ya watu. Kazi zao huonyeshwa kwa jina la kundi pamoja na jina la mwenye kuifanya: Cedart Tamasala, Mbuku Kimpala, Jérémie Mabiala, Irene Kanga, Matthieu Kasiama na wengine. Hilo si dogo. Wasomaji wa Lubumbashi wakumbuke karakana ya Hangar, aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Humo walikuwamo Bela, aliyechora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga, aliyejenga picha kwa mistari mifupi mingi. Na Pilipili Mulongoy wa samaki na ndege. Desfossés alifariki mwaka 1954. Vitabu vingi vyasema «shule ya Hangar», kana kwamba mikono ile ilikuwa mkono mmoja. Lakini mwenye macho hawezi kumkosea Mwenze akamwita Pilipili. Jina la kundi ni kama paa: lawakinga wote na mvua, lakini kila mtu ana uso wake chini yake. Kundi likiwaficha watu wake, lafanya kama karatasi ya sabuni.

Sasa lawama. Jina la Lusanga ni refu, tena la Kifaransa. Na watu wakalikata likawa herufi tano ambazo hazina maana masikioni mwa mwanakijiji. Wa Lusanga husema Kikongo na Kipende nyumbani. Linganisheni na wenzetu wa Lubumbashi, walioanzisha mwaka 2008 kituo chao cha sanaa wakakiita Picha. Neno ni moja, la Kiswahili. Muuza mkaa alijua na profesa alijua. Mgeni wa Ulaya ndiye alazimikaye kuuliza maana. Katika Lusanga ni kinyume: mgeni anafahamu upesi, mwenyeji ndiye anayeelezwa. Kundi linalofanya kazi kwa ajili ya watu wote lisianze kwa kuwafanya jirani zake kuwa wageni.

III. Udongo na shokola

Alama ya pili ni kitu chenyewe wanachochongea. Wachongaji hufinyanga sanamu kwa udongo wa mtoni. Kisha mashine hupima umbo lake kila upande, na vipimo hivyo hupelekwa Amsterdam kwa njia ya intaneti. Kule sanamu hutolewa tena katika kalibu na kumiminwa kwa shokola. Kwa shokola hiyo ndiyo walijulikana New York. Mtu aliingia katika jumba, akasikia harufu tamu, akakaribia, kumbe mbele yake ameketi babu wa Cedart Tamasala, katika sanamu inayosimulia jinsi mzee yule alivyookoka.

Wengine wamesema ya kwamba shokola ni mchezo wa kuvuta macho. Mimi sikubali. Kitu cha kuchongea kikichaguliwa vizuri, chafanya kazi kuliko maneno ya kuelezea. Kakao na mafuta ya mawese hutoka katika mashamba ya namna hii, yakaenda mbali, yakarudi dukani kwa bei isiyofikiwa na aliyeyavuna. Wachongaji wameipitisha sanaa yao katika njia ile ile: umbo laondoka Lusanga, lageuzwa Ulaya kuwa kitu cha thamani, lauzwa kwa matajiri. Tofauti ni mwisho wa safari. Safari hii fedha zinarudi.

Fedha hizo zinafanya nini? Hapo ndipo chapa yao inaposimama au kuanguka. Kwa mapato ya sanamu na ya kazi nyingine, kundi limenunua ardhi ya shamba la zamani. Kwa hesabu wanayoitoa wenyewe, imepita hektari 200. Juu yake hawapandi michikichi peke yake kama kompani. Wanachanganya miti, kakao na vyakula ili udongo upone. René Ngongo, mtaalamu wa misitu anayejulikana kwa kuitetea, ndiye aliyekuwa rais wa kundi tangu mwanzo. Hektari 200 ni ukucha tu mbele ya 750 000. Lakini mwenye njaa hali kwa ramani, anakula katika shamba.

Basi sanamu ya shokola haisemi tu «sisi ni maskini, mtuhurumie». Yasema: «tazama njia ya mali, na tazama tulipoikata». Alama ya namna hiyo haivuliwi jioni kama fulana. Inalifunga kundi. Siku fedha zitakapoacha kurudi shambani, shokola yao itakuwa peremende tu.

IV. Sanamu ya Balot

Mwaka 1931 Wapende waliasi. Bei ya matunda ya michikichi ilikuwa imeanguka, kodi haikuanguka. Watu walilazimishwa kukata zaidi kwa malipo madogo zaidi. Mwanamke mmoja, Kafutshi, alitendewa jeuri, na hasira ikawaka. Mwezi wa Juni mtumishi wa Serikali, Mbelgiji Maximilien Balot, aliuawa. Askari wakaja, wakaua Wapende wasiopungua 500. Katika siku zile mchongaji mmoja Mpende alichonga kwa mti sanamu ya Balot, ili kuishika roho yake na kugeuza nguvu zake ziwalinde watu.

Sanamu hiyo haikukaa kijijini. Mwaka 1972 Mmarekani Herbert Weiss, mwalimu wa mambo ya siasa, aliinunua huku Kongo. Mwaka 2015 ikaingia katika jumba la sanaa la Virginia, mjini Richmond, Marekani. Wachongaji wa Lusanga waliiomba kwa mkopo. Jibu lilipokawia, mwaka 2022 walichukua picha ya sanamu ile, wakaigawanya vipande katika intaneti, kila kipande kikiwa na hati yake ya kuuzwa, na mapato yakawa ya kununua ardhi. Jumba la Richmond halikupendezwa hata kidogo. Hata hivyo mwaka 2024, wakati wa maonyesho ya Venice, sanamu ilisafiri kwa mkopo ikafika Lusanga; na watu waliokuwa Venice waliiona kwa mbali tu, katika kioo cha picha. Kwa mara moja mpangilio ulipinduka: mwenyeji akawa karibu, tajiri akawa mbali.

Nionavyo mimi, hiyo ndiyo alama yao bora kuliko zote. Maana sanamu ya Balot haikufanywa ili kutangaza kundi. Tangu mwanzo ilikuwa na kazi mbele ya watu wote: kulinda. Wachongaji hawakuitungia maana, waliikuta nayo, wakaiendeleza. Hata kuikosa kuliwafaa, kwa sababu kila aliyesikia jina lao alisikia pia swali la sanamu iliyo mbali. Naye Irene Kanga alipochonga mwaka 2020 habari ya jeuri aliyotendewa Kafutshi, alirudisha katika masimulizi mwanamke ambaye wengi walimruka wakikimbilia kifo cha mzungu.

Neno moja tu la kuwaonya. Katika habari hii yote jina linalotamkwa mno ni la Balot. Jina la aliyeichonga halikuandikwa. Kundi linalojua uchungu wa kazi isiyo na jina laweza kufanya zaidi: kila linapotaja sanamu ile, litangulize kusema «kazi ya mchongaji Mpende». Jina lake limepotea, lakini tusikubali mahali pake pajazwe na jina la mtu aliyeuawa.

V. Nyumba nyeupe

Sasa tuje kwenye jambo gumu.

Katika Lusanga, kati ya michikichi, imesimama nyumba nyeupe yenye umbo la mchemraba. Ilifunguliwa mwaka 2017. Waliochora ramani yake ni OMA, ofisi ya Kiholanzi inayojulikana ulimwenguni. Yaitwa kwa Kiingereza White Cube. Hilo ni jina la namna ya vyumba vya sanaa vya miji mikubwa: kuta nyeupe, hakuna dirisha, hakuna kinachokumbusha dunia ya nje. Mwandishi Brian O'Doherty aliwahi kueleza mwaka 1976 ya kwamba weupe ule si mtupu. Unaamua kimya kimya kitu gani ni sanaa na kitu gani si sanaa. Aliyeleta wazo la kuijenga Lusanga ni Renzo Martens, msanii Mholanzi, aliyekwisha kuleta mabishano kwa filamu yake ya mwaka 2008 juu ya umaskini wa Kongo. Hoja yake yafahamika: ikiwa majumba meupe ya Ulaya yalijengwa au kulishwa kwa mali ya mashamba, basi moja lirudi shambani, na faida zake zije nalo.

Tuwe wa haki. Nyumba ile imeleta wageni, imeleta fedha, imeleta heshima. Hakuna jumba la makumbusho linalokopesha sanamu iwekwe chini ya mwembe. Bila nyumba ya kuihifadhi, Balot asingerudi hata kwa miezi ile. Anayesema «ya nini nyumba ya namna hii kwa wakulima?» anasahau ya kwamba wakulima wa Ulaya hawaulizwi swali hilo.

Lakini tunapima alama. Na alama hiyo yasema kwa sauti ya nani? Tazameni picha zinazoenea juu ya Lusanga. Mara nyingi ni hiyo nyumba nyeupe katika majani mabichi. Picha ni nzuri mno; ndiyo taabu yake. Mtu akiisha kuiona, hakumbuki tena sura ya Mbuku Kimpala wala ya sanamu yake. Akumbuka mchemraba. Na nyuma ya mchemraba asikia jina la Mholanzi, kwa kuwa wazo lilikuwa lake, na filamu ya mwaka 2020 juu ya nyumba hiyo pia ni yake. Hivi kundi lililokusudia kuvua karatasi ya Lever likajikuta limefungwa katika karatasi nyingine, nyeupe, laini, iliyoandikwa Kiingereza. Sisemi ya kwamba nia zilikuwa mbaya. Nasema ya kwamba alama iliyotolewa na mwingine, hata kama ni zawadi, humkumbusha kila mtu mtoaji.

Wachongaji wenyewe wameliona. Katika kazi zao za mwaka 2024 waliitia nyumba ile hukumuni: katika filamu yao, mchemraba wa Lusanga washitakiwa kama mtu mzima kwa niaba ya majumba yote ya namna yake, na watu wa mashamba ndio wanaosema. Hilo ni pigo zuri. Walikubali kukaa na alama yenye mashaka, wakairudia kwa maswali yao mbele ya wote. Wengine wangeipaka rangi na kunyamaza.

Maonyesho yao ya Venice waliyaita kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana hii: sherehe ya mataifa yote ya kufuru na ya kitakatifu. Neno «kufuru» latuchoma masikio sisi Wakristu, na sioni sababu ya kuficha hivyo. Lakini tusome kabla ya kukasirika. Wanauliza kitu gani kilifanywa kitakatifu mahali pasipostahili: ukuta mweupe, sanamu iliyofungiwa mbali, ardhi iliyoandikwa kwa jina la kompani. Swali hilo latufaa hata sisi. Hata hivyo, kama mhakiki, naona jina lile limepanda juu mno. Jina lao la kwanza, wafanyakazi wa mashamba, lasema mambo hayo kwa sauti ya chini na lafika mbali zaidi.

VI. Hukumu

Basi tuseme nini? Alama za Lusanga si sawa zote. Jina lao ni la kweli, ingawa lugha yake ni ya wageni. Shokola yao ni ya kweli, maadamu fedha zinarudi katika udongo. Sanamu ya Balot ni ya kweli kabisa, kwa sababu ilikuwa na kazi kabla ya kuwa alama. Nyumba nyeupe ni alama ya kuazima. Yawafaa, lakini wasiiache itangulie mbele yao.

Iko hatari moja tena inayokuja polepole. Mfanyakazi wa shamba aliyefika New York na Venice, je, ni mfanyakazi wa shamba bado? Jina lililokuwa ushuhuda laweza kugeuka vazi la kuvaa mbele ya wageni. Dawa yake si kubadili jina. Dawa ni kupokea watu wapya kutoka shambani, wale ambao hakuna mgeni aliyewasikia, na kuwapa nafasi ya kwanza. Jina la kundi hubaki kweli kwa watu wanaoingia, kuliko kwa wale waliokwisha kusifiwa.

Kwa hiyo ninyi mnaochora kuta za miji yetu, ninyi mnaochonga na kuimba pamoja, kabla ya kupeleka muhuri kwa fundi, ketini mjiulize maneno matatu. Jina letu laonyesha kitu tulicho nacho kweli, au kitu tunachotamani watu wadhani? Bibi yetu anayeuza mboga akilisikia, atajua kwamba ni sisi? Na fedha zikija kwa sababu ya jina hilo, zimeandikwa wapi zitakakokwenda? Kikundi kisichoweza kujibu neno la tatu kingoje kwanza. Fulana zitanunuliwa mwaka ujao; mwaka huu kichore ukuta.